Simu Inapokataa Waifai: Mambo ya Kufanya Kabla ya Kumpa Fundi



Pita mbele ya kituo chochote cha intaneti kambini wakati wa jioni. Utawaona watu wamekaa barazani, simu mkononi. Mmoja anasema, "Leo waifai hakuna." Aliyekaa naye bega kwa bega anazungumza na shemeji yake wa Uvira, na sauti inasikika vizuri kabisa. Kwa hiyo waifai iko. Ni simu moja iliyokataa, na mwenyewe hajui kwa nini.

Mtu wa mjini akikosa intaneti siku moja, atanunua kifurushi aendelee na mambo yake. Kambini sivyo. Katika simu hiyo hiyo ndimo iliyomo namba ya mtoto aliyebaki Bukavu, picha ya hati ya familia, masomo ya kijana na sauti ya marehemu mama aliyeituma mwaka kabla hajafariki. Ndiyo maana mtu huwa tayari kuitoa simu yake kwa yeyote anayesema, "Lete niitengeneze." Mara nyingi dawa anayopewa ni moja tu: simu inafutwa yote. Pengine waifai itashika baada ya hapo. Lakini vilivyokuwamo vimekwenda, na wengine hukuta hata simu yenyewe haifunguki tena.

Somo hili litakuonyesha namna ya kujua ubaya uko wapi. Sehemu kubwa ya matatizo haya mwenye simu anaweza kuyamaliza mwenyewe, bila kufuta kitu na bila kutoa shilingi. Lisome ukiwa na simu mkononi. Kama simu yako imewekwa katika Kiingereza au Kifaransa na maneno yanakupa taabu, mwombe mwanafunzi akae nawe.

JE, UGONJWA NI WA SIMU AU WA MTANDAO?

Anza na swali hili, na usiguse kitu kabla hujapata jibu. Muulize jirani aliyekaa mahali pale pale: "Ndugu, yako inafungua?" Kama simu zote pale zimekwama, simu yako ni nzima. Huenda umeme wa jua umekwisha na ruta imezimika (ruta ni kile kisanduku chenye taa ndogo kinachotawanya waifai). Huenda kifurushi cha kituo kimekwisha. Kama kituo chenu kinatumia sahani ya setilaiti, mvua kubwa peke yake inatosha kukata mawasiliano, maana matone ya maji hunywa mawimbi yanayotoka angani. Hapo hakuna la kufanya ila kumwarifu mwangalizi wa kituo na kungoja.

Kama za wenzako zinafungua na yako haifungui, fanya mtihani wa simu mbili. Mwombe rafiki mwenye kifurushi awashe ile sehemu ya kugawa intaneti kutoka simu yake, nawe ujaribu kuunga kwake kwa dakika moja. Usifungue video, ujumbe mmoja unatosha, usije ukamaliza kifurushi cha mtu. Simu yako ikiungana na ya rafiki ikafungua vizuri, basi waifai yake haijafa. Tatizo liko kati yake na kituo, na litatibika kwa mipangilio. Ikikataa hata kwa rafiki, basi tatizo liko ndani ya simu yako, ama katika mipangilio, ama katika chuma chenyewe. Mtihani huu ni mdogo lakini una thamani kuliko maelezo ya mafundi watatu.

MAGONJWA MATATU YENYE JINA MOJA

Watu husema "waifai haishiki" wakiwa na maana tatu zilizo mbali mbali. Wa kwanza, simu yake haioni kabisa jina la mtandao. Wa pili, inaliona jina lakini inakataliwa mlangoni. Wa tatu amekwisha ingia, alama ya waifai inaonekana juu ya kioo, ila hakuna kinachofunguka. Ukimwambia fundi au mwangalizi ni lipi kati ya hayo, umekwisha kumpunguzia nusu ya kazi.

Simu isiyoona jina, mara nyingi mwenyewe ameizima bila kujua. Watoto huchezea simu, nao hupenda kubonyeza alama ya ndege. Alama hiyo ikiwaka, simu hukata mawasiliano yote. Vuta kioo kutoka juu kwenda chini, angalia kama ndege imewaka, uizime. Kisha angalia kama waifai imewashwa.

Kama vyote viko sawa, fikiria umbali na mabati. Bati hurudisha nyuma mawimbi ya redio kama kioo kinavyorudisha mwanga, kwa hiyo mtu aliyekaa nyuma ya jengo la mabati hapati kitu, na mtu aliye mlangoni, hatua kumi tu kutoka kwake, anapata. Turubai si kizuizi kikubwa. Ukuta wa udongo na miti yenye majani mabichi hupunguza. Sogea mahali ambapo unaweza kuiona ruta au angalau mlango wa chumba ilimo, ujaribu tena.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Waifai hutumia hasa njia mbili za redio, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Simu nyingi za bei nafuu, na za zamani karibu zote, zinasikia ile ya 2.4 peke yake. Kama kituo kimeweka ruta mpya ikatangaza kwa njia ya 5 tu, simu yako haitaliona jina hata ukiiweka juu ya ruta. Hiyo si kasoro yako wala ya simu. Mwambie mwangalizi awashe na ile ya 2.4, ambayo tena hufika mbali zaidi na kupenya kuta vizuri zaidi.

UNAPOKATALIWA MLANGONI

Hapa jambo la kwanza ni neno la siri. Linaandikwa ubaoni kwa chaki, mtu analinakili, na hapo ndipo makosa yanapoingia: herufi O na sifuri, herufi ndogo ya l na tarakimu 1, herufi kubwa ambayo simu imeiweka yenyewe mwanzoni. Simu nyingine huongeza nafasi tupu mwishoni mwa neno, na nafasi hiyo huhesabiwa kama herufi. Kuna alama ya jicho pembeni ya mahali pa kuandika. Ibonyeze, nawe utaona ulichoandika. Neno la siri la waifai huwa na herufi 8 au zaidi. Ukipewa lenye herufi 5, aliyekupa amekosea.

Pengine neno la siri lilibadilishwa wiki iliyopita. Simu yako inalikumbuka lile la zamani na inaendelea kulitoa kila mara, kama mtu anayebisha hodi kwa jina la mwenye nyumba aliyehama. Bonyeza jina la mtandao kwa kulishikilia, au bonyeza alama ya gurudumu lenye meno iliyo pembeni yake, kisha uchague Sahau. Simu italisahau jina hilo, nawe utaanza upya na neno jipya. Usiogope neno hilo. Hakuna picha wala namba itakayopotea.

Wakati mwingine neno la siri ni sahihi, lakini simu inakaa tu ikisema inatafuta anwani. Ruta humpa kila anayeingia namba ya muda, kama kadi za foleni ya mgao. Ruta nyingi ndogo haziwezi kutoa zaidi ya namba 250 na kidogo, na nyingine zimewekewa chini ya hapo sana. Namba iliyotolewa haifutiki mara tu mtu anapoondoka. Ruta huweza kuishikilia kwa saa nyingi. Kwa hiyo ikiwa asubuhi walipita watu wengi, wewe unayefika jioni unakuta kadi zimekwisha ingawa benchi ni tupu. Dawa iko mikononi mwa mwangalizi: azime ruta, aiwashe tena, na apunguze muda wa kushikilia namba. Wewe mwenyewe, kama unaweza, njoo mapema.

Kwa wale waliopata simu mpya zaidi, kuna kisa kingine. Vituo vingine huandikisha simu kwa ile namba ya utambulisho ambayo kila kifaa cha waifai kinayo, ili wasioandikishwa wasiingie. Lakini tangu Android 10 iliyotoka 2019, na kwa iPhone tangu iOS 14 ya 2020, simu huficha namba yake halisi na kuonyesha ya kubuni, ili mwenyewe asifuatiliwe. Ni jambo jema, ila kituoni inaonekana kama mgeni. Fungua jina la mtandao, tafuta sehemu ya faragha, uchague simu itumie namba yake yenyewe kwa mtandao huo mmoja tu. Kama uliandikishwa zamani na sasa umebadilisha simu, huna budi kuandikishwa upya.

UMEINGIA, LAKINI HAKUNA KINACHOFUNGUKA

Huu ndio ugonjwa unaowachanganya watu kuliko yote, kwa sababu alama ya waifai ipo. Pengine ina alama ndogo ya mshangao. Maana yake ni kwamba umefika kwenye ruta, lakini hujavuka kwenda nje.

Vituo vingi vina ukurasa wa mlangoni, ambao unatakiwa uandike jina au namba ya tiketi kabla ya kuruhusiwa. Ukurasa huo unapaswa kujitokeza wenyewe. Usipojitokeza, unabaki umesimama nje bila kujua. Fungua programu ya kusomea kurasa, kama Chrome, uandike neverssl.com. Ukurasa huo umetengenezwa kwa kazi hii hii: hauna kufuli, kwa hiyo mlango wa kituo unaweza kukudaka na kukuonyesha fomu yake. Kufungua WhatsApp moja kwa moja hakusaidii, maana WhatsApp haiwezi kuonyesha fomu hiyo.

Hapo, ndugu msomaji, uwe na tahadhari. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuipa waifai yake jina analotaka, hata jina la shirika. Fomu ya waifai haina sababu yoyote ya kukuuliza namba ya siri ya fedha za simu, wala namba ya kadi yako ya mgao. Ukiulizwa hayo, funga, ondoka, na umwarifu mwangalizi.

Sasa tuje kwenye saa. Tunaomba usipite haraka sehemu hii, maana ndiyo inayosahauliwa.

Simu iliyokaa siku nyingi bila kuchajiwa huweza kusahau tarehe. Inapowaka inajiona iko mwaka 2015, au hata 1970. Kama haina laini ndani, mnara hauwezi kuikumbusha. Sasa, karibu kila ukurasa na kila programu ya siku hizi hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Simu inayodhani ni 2015 inakiangalia cheti cha mwaka huu na kusema, "Hiki hakijaanza kutumika," kisha inakataa. Utaona maneno ya kutisha juu ya usalama, au WhatsApp itakuambia tarehe si sahihi. Watu wamebeba simu za namna hii hadi mjini kwa fundi, na ugonjwa wenyewe ni tarehe tu. Ingia katika mipangilio, tafuta tarehe na saa, uzime ile ya kujiweka yenyewe, uandike siku, mwezi na mwaka wa leo.

Ukiwa hapo, angalia mambo mawili zaidi. Simu haijui saa za Kiswahili. Saa tatu asubuhi kwake ni 9:00, na saa tatu usiku ni 21:00. Aliyeiandikia 3:00 amekosea kwa saa sita. Jambo la pili ni ukanda wa saa. Kivu, Burundi na Rwanda ziko saa 2 mbele ya saa ya dunia. Uganda, Tanzania na Kenya ziko saa 3 mbele. Simu uliyokuja nayo kutoka Goma au Bujumbura huenda bado imewekwa saa ya nyumbani. Wengine husogeza mshale saa moja mbele na kuuacha ukanda ulivyokuwa, na hapo simu inazidi kupotea: saa za ujumbe huvurugika, na mtu aliyepangiwa mahojiano saa 8:30 anajikuta hana uhakika ni 8:30 ya wapi. Badilisha ukanda kwanza, uchague Kampala, Dar es Salaam au Nairobi kulingana na nchi uliyomo, ndipo urekebishe saa.

Kama tarehe ni sahihi na kurasa nyingine zinafunguka lakini WhatsApp peke yake inakataa, angalia umri wa simu. Tangu mwanzo wa 2025 WhatsApp haifanyi kazi tena katika simu za Android 4. Waifai haina kosa hapo, na hakuna fundi atakayeponya.

DAWA, KUANZIA NDOGO HADI KUBWA

Zima waifai, hesabu hadi thelathini, washa. Bado? Zima simu yote, iwashe. Bado? Sahau jina la mtandao, andika neno la siri upya. Nyingi hupona hapa. Kama hujapona, katika mipangilio kuna sehemu ya kurejesha mipangilio ya mtandao tu. Hii hufuta maneno ya siri ya waifai na vifaa ulivyounganisha kwa bluetooth. Picha, namba na ujumbe hubaki.

Chini yake, katika orodha hiyo hiyo, kuna nyingine inayosema kufuta data yote, au kurejesha simu kama ilivyotoka kiwandani. Majina yanafanana na yako jirani. Soma mara mbili kabla hujagusa.

Kwa nini tunaing'ang'ania habari hii ya kufuta? Picha ni sababu ya kwanza, lakini ziko hasara mbili ambazo mafundi hawazitaji.

Ya kwanza ni kufuli la akaunti. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu nyingi zina kinga dhidi ya wezi: ikifutwa kwa kubonyeza vitufe vya pembeni, inapowaka hudai akaunti ya Google iliyokuwamo kabla. Tuseme dada yako alinunua simu iliyotumika, na akaunti ilifunguliwa na kijana wa dukani ambaye amekwisha kwenda zake. Simu ikifutwa, dada hana jibu la kuipa. Itabaki kipande cha kioo. Kabla ya hayo yote, hakikisha unaijua akaunti iliyomo katika simu yako na neno lake la siri, na uyaandike mahali unapoaminia nyumbani.

Ya pili inawagusa hasa waliovuka mpaka. Wengi wetu wanatumia WhatsApp kwa namba ya Kongo au ya Burundi, ingawa laini yenyewe imekufa au ilipotea njiani. WhatsApp inaendelea kufanya kazi, kwa sababu ilithibitishwa zamani. Siku simu inapofutwa, programu itataka kutuma tarakimu za uthibitisho kwa namba ile ile. Laini haipo, tarakimu hazifiki. Ndugu zako wa Fizi wataendelea kuiandikia namba hiyo, na hakuna atakayewasoma. Mbaya zaidi, kampuni za simu hugawa tena namba zisizotumika, na mtu usiyemjua anaweza kuipokea.

Hata bila kufutwa, muda unahesabiwa. Akaunti ya WhatsApp isiyounganishwa kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa na kampuni yenyewe, na mtu hutoka katika vikundi vyote alivyokuwamo. Kwa hiyo simu iliyokataa waifai isiwekwe sandukuni miezi minne ikingoja fedha ya fundi.

IKIBIDI KWENDA KWA FUNDI

Kuna wakati inabidi. Kitufe cha waifai kikijizima kila ukikiwasha, au kikiwa na rangi ya kijivu kisichobonyezeka, na simu hiyo ilianguka au iliingia maji, basi kipande cha ndani kimeumia. Simu ikikosa jina la waifai hata ukiwa umeigusisha na ya rafiki, ni hivyo hivyo. Muulize fundi bei kwanza. Kwa simu ya bei ndogo, kazi hiyo huweza kukaribia bei ya simu nyingine, na huenda ikafaa zaidi kutumia laini na vifurushi vidogo.

Kabla hujampa, toa laini na kadi ya memori. Nakili namba za watu muhimu katika daftari kwa kalamu. Daftari halihitaji chaji. Mwambie wazi, "Kaka, usifute chochote bila kuniuliza," na ukae pale akifanya kazi. Akikuomba namba ya kufungulia kioo, ifungue wewe mwenyewe. Namba ya siri ya fedha haimhusu hata kidogo.

Na siku waifai itakaposhika, usianze na video. Kama WhatsApp yako bado iko kwenye laini iliyokufa, fungua mipangilio yake, ingia kwenye akaunti, uchague kubadilisha namba. Utaandika namba ya zamani na namba ya laini unayoitumia sasa, na tarakimu za uthibitisho zitakuja kwenye hii mpya. Ujumbe na vikundi vitabaki, na utaulizwa kama unataka ndugu zako waarifiwe juu ya namba mpya. Jibu ndiyo. Fanya hivyo laini ikiwa ndani ya simu na mnara ukionekana, kwani tarakimu hizo huja kwa ujumbe wa kawaida na si kwa waifai.